Kisiki, Mpingo na Watu Waliovuka Ruvuma

Mwaka juzi tulikuwa tunachimba msingi wa jiko nyuma ya nyumba yetu hapa Nyarugusu, jembe la mwanangu likagonga kitu. Tulidhani ni jiwe. Tulipoondoa udongo tukakuta kisiki: mizizi mitatu minene imeshikana, na katikati yake imekumbatia jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Mti wenyewe ulikatwa zamani, labda mwaka 1996 kambi ilipofunguliwa na watu wakafyeka msitu wapate pa kutandika maturubali. Jirani mmoja akasema ni mninga. Mwingine akasema mninga gani huo, we huna macho.

Mke wangu hakuuliza ni mti gani. Yeye alipiga hesabu: kisiki kile kingepika siku nane, pengine kumi. Msomaji aliyewahi kukaa kambini anajua siku kumi za kuni ni kitu gani. Ni siku kumi ambazo mama na binti hawaendi porini, hawakutani na mtu wa kuwanyang'anya panga, au na mabaya zaidi ya hayo ambayo tunayajua na hatuyaandiki.

Lakini mwanangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba, akasema kisichomwe. Anataka kukichonga. Ndipo nikamwambia maneno ambayo leo yananipa aibu. Nikasema: "Mkimbizi hachongi, mwanangu. Mkimbizi anapika. Kuchonga ni kazi ya mtu aliye kwao."

Hakunijibu. Alikivuta kisiki mpaka chini ya upenuni, akakifunika kwa gunia. Insha hii naiandika kwa sababu maneno yale yalikuwa ya uongo, na mimi niliyeyasema ni mwalimu wa historia.

Wiki chache baadaye mtoto wetu wa mwisho alipewa rufaa ya matibabu Dar es Salaam, nikapata kibali cha kumsindikiza. Tulikaa huko majuma matatu. Siku ambazo hatukuwa na miadi hospitalini sikuwa na la kufanya, na tulipofikia si mbali na Mwenge, mahali pa wachonga vinyago. Nikawa nakwenda kukaa pale. Kukaa ni bure.

Mtu ambaye hajawaona Wamakonde wakichonga anadhani kinyago kinaanza na mchoro. Hapana. Kinaanza na gogo. Mchonga anakaa chini, gogo kalibana kwa nyayo zake, analizungusha. Analitazama upande huu, analigeuza, analitazama tena. Mpingo hauoti kama msonobari wa kupandwa kwa mstari. Unapinda, unagawanyika, unajikunja, mara nyingi una shimo au ufa ndani, na gome likiondoka unakuta nje kuna tabaka jeupe la rangi ya maziwa na ndani moyo mweusi unaokaribia zambarau. Ni mti mzito kiasi kwamba ukitupa kipande ndani ya maji kinazama. Tena hauna haraka: kufikia unene wa kuvunwa unahitaji miaka sabini, hata mia. Watu wanaopuliza klarineti na oboe huko Ulaya wanapuliza mpingo, na mwingi unatoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Kwa mti wa namna hiyo huwezi kuleta ubishi. Ukitaka mkono uende kushoto na gogo limepinda kulia, mkono utakwenda kulia. Penye shimo, shimo linakuwa mdomo, au tumbo, au nafasi kati ya mama na mtoto. Palipobaki tabaka jeupe, wengine wanaliacha liwe nguo au nywele. Wanaanza kwa panga na shoka, kisha tezo, kisha patasi na nyundo ya mti, mwisho tupa na msasa. Kipande kikubwa kinachukua miezi, na kinafunikwa kisipigwe jua na upepo, kwa sababu mpingo ukikauka haraka unapasuka.

Siku ya tatu mzee mmoja aliyekuwa anapiga msasa akaniita.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Unakuja kila siku, hununui. Unatoka wapi?"

"Kigoma."

"Kigoma ya wapi hiyo? We Mkongo wewe. Unasema 'muti'."

Nikanyamaza. Kibali changu kilikuwa mfukoni, lakini si unajua, ukishazoea kuogopa huangalii tena kama una karatasi. Mzee akacheka, akasogeza gogo akanipa nafasi ya kukaa. Akasema: "Usihofu. Baba yangu alivuka Ruvuma usiku. Sisi hapa walituita Mawia. Hilo halikuwa jina zuri. Leo mgeni akishuka uwanja wa ndege anauliza, Wamakonde wako wapi?"

Nimesoma na kufundisha historia, lakini jambo hilo sikuwahi kulipanga kichwani vizuri. Nilidhani, kama watu wengi wanavyodhani, kwamba vinyago vile vya mpingo, watu waliopandana kama mnara na mashetani yenye jicho moja, ni vitu vya kale, vimechongwa hivyo tangu enzi na enzi. Sivyo. Nyingi katika namna hizo zina umri mdogo kuliko baba yangu mzazi. Na walioziumba walikuwa wahamiaji.

Nieleze kwa mpangilio.

Wamakonde wako pande zote mbili za mto Ruvuma. Kusini wapo kwenye uwanda wa juu wa Mueda, Msumbiji. Kaskazini wapo Newala na maeneo ya Mtwara. Huko Mueda Wareno walichelewa kuwashinda, mpaka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya hapo ikaja kodi ya kichwa, kazi ya kulazimishwa, na baadaye kulimishwa pamba kwa nguvu. Watu wakaanza kuondoka. Wakavuka Ruvuma kuja Tanganyika, wakaingia mashamba ya mkonge ya Lindi, Tanga na Morogoro. Wengine wakafika mpaka pwani ya Kenya. Kazi ya mkonge si kazi ya mtu kujisifia, inachana mikono. Lakini ilikuwa na mshahara, na jioni mtu alikuwa na saa zake.

Uchongaji walikuja nao. Kwao walichonga vinyago vya kuvaa kichwani, mapiko, kwa ajili ya ngoma za jando, na hivyo vilitaka mti mwepesi, maana mchezaji anaruka navyo. Walichonga pia sanamu za mama wa ukoo. Mpingo waliujua, na tayari huko kwao waliwachongea Wareno na wamisionari vitu vya kununuliwa. Lakini ni upande huu wa mto, katika miaka ya 1950, ndipo kazi ikageuka. Dar es Salaam kulikuwa na mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, aliyekuwa ananunua vinyago na kuwahimiza wachonga walete kilicho chao, si kurudia tu sanamu za mkulima mwenye jembe na mwanamke mwenye mtungi.

Katika hao alikuwamo Samaki Likankoa. Inasimuliwa kwamba kuna siku kinyago alichokuwa anachonga kilivunjika mkono. Mtu mwingine angekitupa jikoni. Yeye akaendelea na kilichobaki, kikatoka kiumbe kisicho mtu, akakipeleka kwa Peera, na kikapokelewa. Mtindo huo ukaitwa shetani. Ukivitazama vinyago vya mtindo huo utaona kazi kubwa si kwenye mti tu, ni kwenye mahali ambapo mti haupo. Viungo vimeachana na mwili, hewa inapita katikati, kivuli kinaanguka ndani ya kinyago chenyewe. Mchonga ameondoa karibu gogo lote, na bado kitu kimesimama.

Mwingine alikuwa Roberto Yakobo Sangwani, naye mtu wa Msumbiji. Yeye alichonga wanamieleka: mshindi amebebwa na wenzake. Kwa Kimakonde kazi hiyo iliitwa dimoongo, yaani nguvu. Wenzake wakaiendeleza, watu wakaongezeka, wakapandana kuanzia shina mpaka juu, kila mmoja amemkanyaga au kumbeba mwingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Tanzania nzima ikizungumza ujamaa, mnara ule wa watu ukapata jina la ujamaa. Wengi wanadhani serikali ndiyo iliyoagiza. Kumbe ulitangulia wanamieleka, neno la siasa likaja baadaye likakuta nyumba imeshajengwa.

Mzee wa Mwenge alinionesha kitu ambacho sikukiona peke yangu. Alikuwa na mnara wa ujamaa wa urefu wa kiuno changu. Akaniambia: "Hesabu." Nikahesabu watu kumi na tisa. "Sasa mtoe mmoja." Nikacheka. Hakuna kiungo, hakuna gundi, hakuna msumari. Ni gogo moja. Ukimtoa mmoja unavunja watatu. Akasema: "Unaona, hawa hawakukutanishwa. Hawa hawajawahi kuachana. Mimi kazi yangu ni kuwaachia nafasi wapumue."

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha hospitalini, mtoto amelala, mimi kwenye kiti.

Nirudi kwenye tarehe, kwa sababu uchongaji huu haukufanyika pembeni ya vita. Tarehe 16 Juni 1960, huko Mueda, watu walikusanyika mbele ya ofisi ya Wareno kudai haki zao, na miongoni mwa waliowaongoza kulikuwa na waliotoka Tanganyika. Askari wakapiga risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Juni 1962, FRELIMO ilizaliwa hapa hapa Dar es Salaam. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964, na watu wakamiminika tena kuvuka Ruvuma, safari hii wakiitwa wakimbizi rasmi. Walipokewa katika makazi kama Rutamba, mkoani Lindi. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wengi wakarudi, wengine wakabaki. Muda wote huo patasi haikulala.

Hapo ndipo anapoingia George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 wilayani Masasi, Mmakonde, akachonga tangu ujana. Katika miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972. Aliwachukua wale mashetani wa mpingo akawavua weusi. Akawachonga kwenye mti laini na kuwapaka rangi, nyekundu, bluu, njano; akawahamishia kwenye ngozi, kwenye batiki, kwenye bati. Masikio makubwa, matumbo makubwa, wanaosha vyombo, wanabishana, wanapanda basi. Mwaka 1978 kazi zake zilioneshwa Washington. Mwishoni kisukari kilimchukulia miguu, na bado aliendelea na vijana wakimsaidia, mpaka alipofariki mwaka 2005. Nikimfikiria Lilanga naona jambo moja: mpingo ukiwa ghali na mbali, hakusema basi. Aliuliza kuna nini hapa.

Lakini nisiwadanganye wasomaji nikapaka asali. Kinyago kinasafiri kwa urahisi kuliko aliyekichonga. Kinyago kinapata risiti, kinafungwa kwenye karatasi, kinapanda ndege. Tazama Wamakonde wa Kenya. Waliingia tangu miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye mkonge na miwa huko Kwale. Walizaa watoto, watoto wakazaa wajukuu, wote wakiwa hawana kitambulisho. Mtu unachonga, watalii wananunua, na wewe huwezi kusajili laini ya simu. Mwezi Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi, wakafika mpaka kwa Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho. Ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la arobaini na tatu la Kenya. Karibu miaka themanini! Kwa hiyo asije mtu akaniambia sanaa inatosha. Sanaa haikuwapa karatasi. Miguu ndiyo iliyowapa.

Na sisi? Mimi ni Mubembe wa Fizi. Kwetu, na kwa majirani zetu Balega, kulikuwa na bwami, na bwami ilikuwa na vinyago vyake, vidogo, vya mti na vya pembe, kila kimoja na fundisho lake. Havikuwa vya kupanga kabatini. Mkubwa alikitoa, akakionesha, akasema neno, akakirudisha. Serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku bwami mwaka 1948. Vitu vyake leo viko kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, chini ya taa, vimetulia. Babu yangu hakuchonga vinyago, lakini alikuwa na kiti cha miguu mitatu alichokichonga mwenyewe kwenye gogo moja. Tulipokimbia mwaka 1996 baba alikishika, akakiacha, akakishika tena. Mwisho alimbeba dada yangu. Nani angemlaumu?

Nadhani pale ndipo maneno yangu ya jikoni yalipotoka. Niliona vitu vya mikono vinabaki nyuma na watu ndio wanaokwenda, nikahitimisha kwamba uchongaji ni wa aliyekaa. Wamakonde wananikanusha. Kilichovuka Ruvuma usiku hakikuwa kinyago, kilikuwa namna ya kutazama gogo. Hicho hakina uzito, na askari wa mpakani hawezi kukikagua.

Tuliporudi Nyarugusu, namshukuru Mungu mtoto akiwa na nafuu, kisiki kilikuwa bado chini ya gunia. Nikamwita mwanangu na mama yake, tukaongea. Mke wangu akauliza swali la haki: "Sasa tutakula sanamu?" Sikuwa na jibu la kitabu. Tukakubaliana hivi: mzizi mmoja, ule mrefu kuliko yote, ukatwe uende jikoni. Ulipika siku tatu. Kilichobaki ni cha kijana.

Hakuwa na tezo wala patasi. Alikuwa na panga, kisu, na kipande cha nondo alichokinoa kwenye jiwe. Siku ya kwanza alitaka kuchonga simba. Nikamwambia nilichokiona Mwenge: kigeuze kwanza. Akakigeuza siku nne. Jioni ya siku ya nne akaja akasema: "Baba, hapa hakuna simba. Hapa kuna mtu amebeba kitu."

Alikuwa anaongelea lile jiwe. Mimi nilidhani atalitoa, nikamwambia litaharibu panga. Akakataa. Mizizi miwili iliyobaki akaifanya mikono, jiwe akaliacha pale pale lilipokuwa, limebanwa na mti kwa miaka kuliko umri wake yeye. Pale tulipokata mzizi wa jikoni pakabaki kovu bapa. Hakulipiga msasa. Mke wangu alipoliona akaligusa kwa kidole, akasema: "Hapa ni ugali wetu." Tulicheka wote, lakini alikuwa amesema kweli.

Sasa linatusumbua swali jingine. Wiki zilizopita watu wa mtaa wetu wameitwa kwenye mikutano kuhusu kurudi nyumbani. Mizigo inapimwa. Sanamu ile, na jiwe lake, ni nzito kuliko gunia la unga. Mwanangu amezaliwa hapa, Fizi anaijua kwa masimulizi yangu tu. Ameniuliza: tukienda, itakwenda? Mti ni wa Tanzania, jiwe ni la Tanzania, jicho lililowaona ni la kwetu. Nimemwambia sijui. Safari hii sikumwambia mkimbizi anafanya nini na hafanyi nini.

Yeye hakungoja jibu. Ameanza kuokota matawi ya mwarobaini yanayopunguzwa shuleni, ambayo hakuna anayekatazwa kuyachukua, na anawafundisha watoto wawili wa jirani. Mmoja ni wa Kirundi. Ninawasikia asubuhi wakibishana: geuza kwanza, geuza, usikate.

Ombi langu kwa wasomaji wa Nakivale, Dzaleka, Kakuma, Meheba na kwingineko: kama katika mtaa wenu kuna mzee au mama aliyekuwa anachonga, kufinyanga au kusuka kabla ya kukimbia, mkae naye, mwandike alitumia mti gani, udongo gani, na hapa anatumia nini badala yake. Msingoje arudi kwao ndipo mumuulize.